Kutoka mafuta ghafi hadi petroli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu mafuta yagunduliwe Hoima, Uganda, na Turkana, Kenya, maswali ya watu ni yale yale: mbona tunayo chini ya ardhi na bado tunanunua petroli kutoka nje? Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilikufaje? Na hivi petroli inatengenezwaje hasa? Majibu yako hapa chini. Mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu.

Mafuta ghafi ni nini?

Ni mchanganyiko. Ndani yake mna maelfu ya aina za hidrokaboni, yaani molekuli zilizojengwa kwa kaboni na hidrojeni. Zenye kaboni moja hadi nne ni gesi. Zenye kaboni tano hadi kumi na mbili hivi ndizo zinazofaa kuwa petroli. Zikirefuka zaidi unapata mafuta ya taa, halafu dizeli, halafu mafuta mazito ya meli, na mwisho kabisa lami ya barabarani. Humo humo mna salfa, maji ya chumvi, mchanga, na chembe za metali kama nikeli.

Na hayafanani. Mafuta ghafi aina ya Murban ya Abu Dhabi, ambayo kwa miaka mingi yalisafishwa Mombasa, ni mepesi na yana petroli na dizeli nyingi. Ya Hoima na Turkana hayana salfa nyingi, jambo zuri, ila yana nta kiasi kwamba yakipoa yanaganda. Ndiyo maana bomba la mafuta ghafi la EACOP, kilomita 1,443 kutoka Kabaale, Hoima, hadi Chongoleani, Tanga, limebuniwa kupashwa joto njia nzima ili mafuta yasishuke chini ya nyuzi 50 hivi. Kenya nayo, kabla ya kupakia shehena yake ya kwanza ya mapipa 200,000 pale Mombasa mwaka 2019, ililazimika kuyasafirisha kwa malori kutoka Lokichar yakiwa ndani ya matangi yanayohifadhi joto.

Hayawezi kuchomwa hivyo hivyo yalivyo?

Yanaweza, na kuna mitambo ya umeme Saudi Arabia inayoyachoma. Lakini ni hatari, maana gesi na petroli iliyomo hulipuka upesi, na injini ya gari haiwezi kuyala. Pia ni hasara: unachoma pamoja vitu ambavyo kila kimoja kina bei yake.

Yakifika kiwandani yanaanza na nini?

Yanaoshwa. Mafuta hupashwa moto kidogo, huchanganywa na maji safi, kisha hupitishwa kwenye chombo chenye umeme wa volti kubwa unaoyafanya matone ya maji yaungane na kuzama. Chumvi inaondoka na maji hayo. Hatua hii haizungumzwi sana, ila ukiiruka, chumvi hugeuka kuwa asidi ya hidrokloriki mbele ya safari na kuanza kula mabomba kutoka ndani.

Mnara unatenganishaje petroli na dizeli?

Hapa ndipo penye moyo wa kazi. Tanuri linapasha mafuta hadi nyuzi 350 au 370 hivi, yanaingia chini ya mnara, na sehemu kubwa yake inageuka mvuke na kuanza kupanda. Aliyewahi kuona gongo likipikwa anaujua msingi: chemsha, mvuke utoke, upoe, udondoke. Tofauti ni kwamba mpika gongo anataka kitu kimoja, ilhali mnara unatoa vitano au sita kwa mkupuo, usiku na mchana, bila kuzimwa.

Siri iko kwenye sahani. Ndani ya mnara mna sahani za chuma zenye matundu, moja juu ya nyingine, mara nyingi zaidi ya thelathini. Chini ni moto sana, na kadiri unavyopanda ndivyo joto linavyopungua. Mvuke unapanda kupitia matundu, na majimaji yanatiririka kushuka kutoka sahani hadi sahani. Vikikutana vinabadilishana joto: molekuli nzito iliyobebwa juu kupita kiasi inapoa na kurudi chini, nyepesi iliyoshuka na wenzake wazito inachemka tena na kupanda. Jambo hilo linarudiwa kwenye kila sahani, hadi kila kundi linatulia kwenye ghorofa yake. Hapo bomba la pembeni linalichota.

Juu kabisa hutoka gesi na nafta, malighafi ya petroli, ambayo huchemka chini ya nyuzi 200. Chini yake mafuta ya taa, nyuzi 150 hadi 275 hivi. Kisha dizeli, 200 hadi 350. Umeona mipaka inaingiliana? Haikukosewa. Meneja wa kiwanda anaweza kuhamisha mpaka kidogo apate dizeli zaidi na mafuta ya taa kidogo, au kinyume chake, kutegemea kipi kinalipa mwezi huo. Kilichogoma kuchemka hubaki chini, kizito na cheusi.

Kwa nini wasiongeze moto ili na hayo mabaki yachemke?

Kwa sababu ukivuka nyuzi 370 hivi, molekuli zinaanza kukatika ovyo na kuacha makaa magumu yanayoziba mirija ya tanuri. Badala ya kuongeza moto, wanapunguza shinikizo la hewa. Mabaki yanapelekwa kwenye mnara wa pili ambao hewa imenyonywa, na humo yanachemka kwa joto dogo zaidi, kama vile maji yanavyochemka mapema juu ya mlima. Kinachobaki baada ya mnara huo ndicho lami.

Pipa moja linatoa lita ngapi za petroli?

Pipa ni lita 159. Jibu la swali linategemea mafuta gani na kiwanda gani. Kwenye viwanda vya Marekani, ambavyo vimesukwa kufukuzia petroli, pipa moja hutoa lita 73 hivi za petroli, na nyingine 40 na ushee za dizeli. Ukijumlisha bidhaa zote unapata karibu lita 170, yaani zaidi ya ulizoingiza! Hakuna uchawi: uzito haukuongezeka, ila molekuli ndefu zikikatwa kuwa fupi huchukua nafasi kubwa zaidi.

Kiwanda chenye mnara tu, bila mitambo ya kukata, hakifiki huko hata kidogo. Kinakupa kile ambacho asili ilikuwa imeweka ndani ya pipa, basi.

Hiyo mitambo ya kukata inafanya nini?

Inabadilisha kilicho kingi kisichotakiwa kuwa kidogo kinachotakiwa. Mwanzoni haikuhitajika. Baada ya Edwin Drake kuchimba kisima chake Pennsylvania mwaka 1859, watu walitaka mafuta ya taa tu, na petroli ilikuwa taka ya kumwagwa. Magari yakageuza meza. Mwaka 1913 Marekani walianza kukata molekuli nzito kwa moto na shinikizo. Miaka ya 1930 Mfaransa Eugène Houdry akaleta kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mabadiliko ya kemikali bila chenyewe kuliwa, na mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto na ndege zikihitaji petroli bora, mtambo wa kwanza wa kichocheo cha unga uliwashwa Baton Rouge, Louisiana.

Mtambo huo bado ndio mfalme. Kichocheo ni unga laini unaotiririka kama maji ukipulizwa kwa mvuke. Mafuta mazito yanakutana nao kwenye nyuzi 500 na kitu, na kwa sekunde chache tu yanakatika kuwa petroli na gesi. Kila punje inatoka imepakwa makaa meusi, haifai tena. Basi inapelekwa chumba cha pili, makaa yanachomwa kwa nyuzi 700 hivi, punje inarudi safi ikiwa bado na moto, na moto huo huo ndio unaopasha mafuta yanayofuata. Kwa maoni yangu hakuna ubunifu wa kihandisi unaozidi huu kwa kujitosheleza: taka ya kazi ndiyo kuni ya kazi.

Ipo pia njia ya kukata kwa kutumia hidrojeni, ghali zaidi, inayotoa dizeli na mafuta ya ndege safi sana.

Kiwanda cha Changamwe kilifungwa kwa nini?

Wengi husema siasa, wengine ufisadi. Sababu kubwa ilikuwa kemia na hesabu.

Kiwanda cha Mombasa, kilichoasisiwa na Shell na BP, kilianza kazi mwaka 1963 na kuhudumia ukanda mzima hadi Uganda na Rwanda. Kilikuwa na mnara, mtambo wa kupandisha oktani ya petroli (maana yake iko chini), na mitambo ya kupunguza salfa. Mtambo wa kukata mabaki hakikuwa nao. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kila pipa ilitoka kama mafuta mazito, ambayo kwa kawaida huuzwa kwa bei ya chini kuliko mafuta ghafi yenyewe. Chukua mfano: ukinunua pipa, na theluthi yake ukaiuza kwa hasara, theluthi mbili zilizobaki lazima zibebe hasara hiyo juu ya gharama zake. Ndivyo lita ya Changamwe ilivyokuwa ghali kuliko lita iliyoshuka melini tayari imesafishwa.

Kwa miaka mingi tatizo lilifichwa na sheria iliyoyalazimisha makampuni ya mafuta kupitishia sehemu ya mafuta yao hapo. Makampuni yalilalamika, na mwenye gari alilipa tofauti bila kujua. Essar ya India ilinunua nusu ya hisa mwaka 2009 kwa nia ya kukiboresha, ikapiga mahesabu, ikaona uboreshaji haulipi. Septemba 2013 usafishaji ukasimama, na mwaka 2016 serikali ya Kenya ikachukua hisa zote. Leo matangi yake yanatumika kuhifadhi mafuta.

Jambo la pili ni ukubwa. Katika miaka yake ya mwisho Changamwe ilisafisha mapipa 35,000 hivi kwa siku. Kiwanda cha Jamnagar, India, ng'ambo ya pili ya Bahari ya Hindi, husafisha zaidi ya milioni 1.2. Mishahara ya wahandisi, ulinzi, bima na ukarabati havipungui kwa uwiano huo.

TIPER ya Kigamboni ilipita njia ile ile mapema zaidi: ilijengwa miaka ya 1960 kwa ubia wa Tanzania na Waitaliano, ikaacha kusafisha karibu na mwaka 2000, ikabaki ghala. Hata Indeni ya Ndola, Zambia, iliyokuwa ikilishwa na bomba la TAZAMA kutoka Dar es Salaam, imesimamishwa, na bomba sasa linapitisha dizeli iliyokwisha kusafishwa.

Petroli ya oktani 95 ina nguvu kuliko ya 91?

Hapana. Oktani hupima ustahimilivu. Ndani ya silinda, petroli na hewa vinagandamizwa, na petroli dhaifu hulipuka yenyewe kabla ya moto wa cheche kuifikia. Injini inagonga. Namba ikiwa kubwa, petroli inavumilia mgandamizo mkubwa zaidi. Kama kitabu cha gari lako kinasema 91, ile ya 95 haitakuongezea kasi. Kama kinasema 95, usilazimishe 91.

Nafta inayotoka mnarani ina oktani ndogo. Hupandishwa kwa kupitishwa kwenye kichocheo cha platini kwenye nyuzi 500 hivi, ambacho hupinda molekuli zilizonyooka kuwa za mduara, na hidrojeni inabaki kama faida. Zamani walikuwa na mkato wa bei rahisi: tangu miaka ya 1920 walitia risasi, ile metali yenye sumu, kwenye petroli. Risasi ilitoka kwenye moshi na kuingia kwenye damu na akili za watoto. Nchi za Kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzo wa 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani, Julai 2021.

Salfa inaondolewa vipi, na kwa nini ni muhimu?

Mafuta yanachanganywa na hidrojeni juu ya kichocheo cha kobalti na molibdeni. Salfa inashikana na hidrojeni, inatoka kama gesi ya sumu yenye harufu ya yai viza, kisha gesi hiyo inageuzwa kuwa salfa ya manjano inayouzwa kwa viwanda vya mbolea.

Salfa ikibaki, moshi unaleta asidi na kuua vichujio vya kutolea moshi. Nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli isiyozidi sehemu 50 za salfa kwa milioni mwaka 2015. Changamwe isingeweza kufikia kiwango hicho bila mitambo mipya, hivyo hata kama ingenusurika 2013, 2015 ingeikuta.

Mafuta ya taa na mafuta ya ndege ni kitu kimoja?

Ni ndugu wa tumbo moja. Kenya huagiza shehena moja inayofaa matumizi yote mawili. Mafuta ya ndege lazima yasigande hadi nyuzi 47 chini ya sifuri, na kuanzia ghalani hadi kwenye bawa huchujwa na kukaguliwa maji kila hatua. Yakishashushwa kwenye dumu la mtaani hayarudi tena kuwa ya ndege.

Mafuta yaliyochakachuliwa yanatambuliwaje?

Mchezo ulikuwa rahisi: mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo ili maskini wapate mwanga, wajanja wakayamimina kwenye dizeli na petroli na kula tofauti. Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuua biashara hiyo, na Kenya ikafuata 2018 kwa tozo ya shilingi 18 kwa lita. Dawa ilifanya kazi, ingawa aliyelipia dawa hiyo ni mama mwenye kibatari na jiko la utambi, na sijaona bado mtu aliyemrudishia.

Njia ya kwanza ya kukamata ni vinasaba, kemikali inayotiwa kwenye mafuta yaliyolipiwa kodi. EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji Tanzania, ilianza nayo mwaka 2010. Mkaguzi akipima sheli na kukuta vinasaba vimepungua, anajua kuna kitu kimeongezwa.

Njia ya pili ni mnara mdogo wa mezani. Fundi wa maabara anamimina mililita 100 za petroli kwenye chupa ya kioo, anaweka kipimajoto shingoni na moto chini. Mvuke unapita kwenye mrija uliopozwa na kudondoka kwenye silinda yenye alama. Tone la kwanza linadondoka kwenye nyuzi 35 au 40. Mililita kumi zikitimia, kipimo hakitakiwi kuwa kimezidi 70 hivi. Nusu ikitimia, ni karibu 100. Halafu anatazama mkia: petroli safi humalizika kabla ya 210 au 215. Iliyochanganywa mafuta ya taa haitaki kuisha. Matone ya mwisho yanachelewa, zebaki inapanda 220, 230, na chini ya chupa pamebaki unyevu wa mafuta. Ripoti inajiandika yenyewe.

Nyumbani, dondoshea tone la petroli kwenye karatasi nyeupe, mbali na moto wowote. Safi hukauka bila alama. Yenye mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Si ushahidi wa mahakamani, lakini linakutosha kubadilisha sheli.

Kubaya zaidi ni kinyume chake, petroli kuingia kwenye mafuta ya taa. Mafuta ya taa safi hayatoi mvuke wa kuwaka hadi yafike nyuzi 38 au zaidi. Petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Jiko lililojazwa mchanganyiko huo ni bomu. Dumu lililobeba petroli lisitumike kununulia mafuta ya taa hata likisuuzwa.

Gesi ya mtungi nayo hutoka humo?

Ndiyo, ni propani na butani kutoka juu ya mnara na kwenye mitambo ya kukata, ingawa nyingine hutoka moja kwa moja kwenye visima vya gesi. Haina harufu. Ile unayoisikia hutiwa makusudi ili uvujaji ugundulike.

Uganda ikijenga kiwanda Hoima, petroli itashuka bei?

Machi 2025 Uganda ilisaini makubaliano na Alpha MBM Investments ya Falme za Kiarabu kujenga kiwanda cha mapipa 60,000 kwa siku pale Kabaale. Kitapunguza gharama ya kusafirisha bidhaa kutoka Mombasa hadi Kampala, na hilo ni jambo kubwa kwa nchi isiyo na bahari. Lakini mafuta ghafi yenyewe yana bei ya dunia. Pipa ambalo lingeuzwa Tanga kwa dola kadhaa halitapewa kiwanda bure, na kama litapewa kwa punguzo, mlipa kodi ndiye aliyetoa punguzo hilo.

Tazama Nigeria. Kwa miongo mingi ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mafuta ghafi Afrika huku ikiagiza petroli kutoka Ulaya, kwa sababu viwanda vyake vya serikali vilikuwa vimelala. Kiwanda cha Dangote kule Lekki, mapipa 650,000 kwa siku, kilianza uzalishaji Januari 2024. Kimebadilisha upatikanaji, lakini bado Wanigeria wanafuatilia kila mgogoro wa Ghuba ya Uajemi kwa hofu kama sisi.

Hoima ina faida moja ambayo Changamwe haikuwa nayo: inachagua mitambo yake leo, ikijua mafuta yake yana nta na salfa kidogo. Ikijengwa pamoja na mtambo wa kukata, nta hiyo ni dizeli inayosubiri. Ikijengwa bila huo kwa kubana gharama, tutakuwa na Changamwe ya pili, safari hii mbali na bahari.

Mbona mafuta ghafi yakishuka bei duniani, bei ya pampu haishuki siku hiyo hiyo?

Kwa sababu hatununui mafuta ghafi. Tunanunua petroli na dizeli zilizosafishwa, ambazo zina soko lake, na kiwanda kikubwa kikizimika ghafla zinaweza kupanda wakati ghafi inashuka. EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, hutangaza bei Kenya kila tarehe 14, EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na zote hutumia bei ya shehena zilizokwisha kununuliwa. Juu yake kuna nauli ya meli, dola, na kodi, ambazo hazijui kama pipa limeshuka.

Nimewekewa petroli kwenye gari la dizeli. Nifanyeje?

Usiwashe. Hata swichi usizungushe, maana magari mengi ya sasa huanza kuvuta mafuta ufunguo ukizungushwa tu. Pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe. Petroli huosha ulaini huo, chuma kikasuguana na chuma, na vipande vikaingia kwenye nozeli. Lisukumeni kando, tangi limwagwe lote, mabomba yasafishwe, kisha lijazwe upya. Kama ni dizeli iliyoingia kwenye gari la petroli, litakohoa, litoe moshi na kuzima. Plagi zitachafuka, lakini gharama huwa ndogo zaidi. Vyovyote vile, dai risiti kabla ya kuondoka hapo sheli.